Damu ya Kuku Si Ghala la Dagaa

Imezagaa katika Arusha, tangu Sakina hadi Usa River na kupanda mpaka vijiji vya mteremko wa Meru ambako kuku huparua chini ya migomba na mibuni, rai moja iliyopata nguvu ya ada kwa kuwa aliye nayo huhesabiwa msomi na asiye nayo huhesabiwa mshamba: ya kwamba damu ya kuku mzima ina kiwango chake cha protini, kwamba kiwango hicho kimekwisha kuandikwa vitabuni na chatutosha sote, kwamba kuku ambaye damu yake imepanda ana siha njema na ambaye damu yake imeshuka ana njaa, na kwamba dawa ya njaa hiyo ni kuzidisha dagaa, soya na mashudu mpaka tarakimu irudi mahali pake. Wauza dawa za mifugo huinena wakiwa wameegemea kaunta. Wafugaji wa nyuma ya nyumba, wenye kuku ishirini au hamsini, huipokea kwa unyenyekevu na kuilipia. Na vijana waliotoka vyuoni juzi huikariri kwa yakini ambayo, naamini, walimu wao hawakuwafundisha.

Insafu yataka rai hiyo ielezwe kwa nguvu zake zote kabla ya kushikwa. Wenyewe husema kwamba jicho hudanganya, kwa sababu kuku ni kiumbe mficha maradhi, ambaye leo upanga wake ni mwekundu na manyoya yake yamelala, na kesho alfajiri amelala chali. Lakini damu, wasema, haifichi. Protini ndiyo malighafi ya nyama, yai, unyoya na kinga. Kuku aliyekosa chakula kwa muda mrefu, protini ya damu yake hushuka kweli, na hapana mtaalamu anayebisha hilo. Waliopima wamepima, wakaona kwamba kuku wengi waliokomaa huwa na kati ya gramu 30 na 60 za protini katika kila lita ya maji ya damu. Kama kuna kipimo, na kuna kiwango, na kuna chakula sokoni, mfugaji atakaa vipi akipapasa gizani? Hiyo ndiyo rai, na vipande vyake vikitazamwa kimoja kimoja havina upumbavu. Upotovu umo katika kuviunga.

Hoja ya kwanza ni ya mahali protini hizo zitokapo. Mwenye rai hudhani kwamba dagaa humezwa mdomoni na kutokea damuni, na kwamba kumpima kuku damu ni kupima alichokula. Sivyo. Protini ya chakula huvunjwa matumboni ikawa asidi amino, na protini tuzikutazo damuni ni kazi mpya: albumini na zilizo nyingi katika wenzake hutengenezwa na ini, na globulini za kinga hutengenezwa na chembe za kinga, kila moja kwa haja yake na kwa wakati wake. Damu ni barabara ya Arusha na Moshi. Mtu akikaa kando yake pale Tengeru akahesabu malori, atajua mengi juu ya safari za siku hiyo, lakini hatajua kuna magunia mangapi ya mahindi katika maghala ya Akheri, na akipita jirani akatangaza njaa kwa sababu malori yalikuwa machache, tutamtaka akapumzike.

Mtazameni tembe anayekaribia kutaga. Homoni ya estrojeni humpanda, nayo huliamuru ini litengeneze kwa wingi protini na mafuta ya kiini cha yai na kuyapeleka kwenye ovari kwa njia ya damu. Basi protini ya damu yake hupanda, kalsiamu yake hupanda pamoja nayo, na maji ya damu yake yakitengwa huonekana yana ukungu mweupe wa mafuta. Hakula zaidi ya wenzake. Anajenga mayai tu. Jogoo wa banda hilohilo, aliyekula pumba ileile na kunywa maji yaleyale, hana yai la kujenga, na protini yake kwa kawaida huwa ndogo kuliko ya tembe huyo. Kwa mizani ya rai tunayoijadili, jogoo ni mgonjwa wa kuzaliwa. Kifaranga naye ni mgonjwa, kwa sababu huanza na kiasi kidogo na kupanda kadiri anavyokua, na sehemu ya globulini alizo nazo siku za mwanzo si zake bali ni urithi wa mama uliopitia kwenye kiini cha yai, jambo ambalo mtafiti Klemperer alilionyesha tangu mwaka 1893. Kisha yuko koo aliyeatamia: estrojeni yake imeshuka, mayai tumboni mwake yamenywea, protini ya damu yake imeteremka kwa amri ya maumbile, na hamu yake ya chakula ni ndogo kwa amri hiyohiyo, na hapo ndipo mfugaji aliyeamini karatasi ya maabara humwendea na sahani ya dagaa, akashangaa kwamba mgonjwa wake haitaki dawa.

Lakini dhihaka kubwa kuliko zote imo katika kiu. Damu ikipungukiwa maji, protini iliyomo huonekana nyingi, kwa kuwa ni ileile ndani ya kimiminika kilichopungua. Kuku aliyefungwa miguu, akaning'inizwa kichwa chini kwenye pikipiki tangu Kikatiti, akatupwa juani gulioni kutwa nzima bila tone la maji, ukimpima jioni huenda akampita mwenzake aliyebaki nyumbani akinywa na kuparua. Kwa hiyo, ikiwa tarakimu kubwa ni siha, njia rahisi ya kuponya banda zima ni kumwaga maji yaliyomo katika vyombo vya kunyweshea.

Hoja ya pili ni ya kiwango chenyewe, ambacho watu hukitaja kana kwamba kiliteremshwa. Kanuni iliyokubalika katika maabara za dunia ni kuchukua viumbe, ikiwezekana wasiopungua 120, waliohukumiwa kuwa wazima, kupanga matokeo yao tangu dogo hadi kubwa, kisha kuyatoa ya pembeni, asilimia mbili na nusu huku na asilimia mbili na nusu kule, na asilimia 95 zilizobaki katikati ndizo huitwa za kawaida. Maana yake, kwa tangazo la wenye kanuni wenyewe, katika kila kuku 20 wazima mmoja amekwisha kuandikiwa kasoro kabla hajachomwa sindano ya bawa. Fauka ya hayo, karatasi aghalabu haiji na kipimo kimoja. Ikiwa ina vipimo kumi visivyotegemeana, kuku wanne hivi katika kila kumi walio wazima watakuwa na angalau kosa moja la kuonyeshwa. Duka ambalo huuza dawa kwa kila kosa haliwezi kufilisika.

Karatasi moja ya namna hiyo niliiona Ngaramtoni mikononi mwa mama mwenye matembe wachache na jogoo mmoja. Damu ya tembe mmoja ilikuwa imepelekwa kwenye maabara ya kutibia watu, kwa kuwa ilikuwa karibu na mashine ilikuwa mpya, na mashine, ambayo haikuambiwa ni damu ya nani, ilichapa protini 44 na kuweka pembeni yake herufi L, yaani pungufu, na mstari wa pili chini yake L nyingine kwa albumini. Kijana wa duka, ambaye wote humwita dokta, alikwisha kuisoma. "Mama, hawa kuku wako protini imekwisha," alimwambia. "Sasa nifanyeje, baba?" "Ongeza dagaa, na hiki kichupa weka kwenye maji siku tano." Katika binadamu protini ya maji ya damu huwa kati ya gramu 60 na 80 kwa lita, na mashine hiyo ilipangwa kwa binadamu; kwa kuku, 44 iko katikati ya uwanja. Yule tembe alihukumiwa kwa kosa la kutokuwa mtu, na faini ikalipwa na mwenye banda.

Tena viko vitabu viandikavyo gramu kwa lita na viko viandikavyo gramu kwa desilita, hata damu ileile ikawa 44 hapa na 4.4 pale, na msomaji mwenye haraka akaona kwamba sehemu tisa katika kumi za protini ya kuku wake zimetoweka njiani.

Nasi wakazi wa Meru tuna sababu yetu wenyewe ya kuviangalia viwango kwa jicho la pembeni. Shirika la Afya Duniani lashauri floraidi katika maji ya kunywa isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 katika maji ya vijijini, si kwa sababu mifupa ya Mtanzania ilionekana kuwa imara kuliko ya watu wengine, bali kwa kuwa maji yenye kiasi kidogo zaidi yalikuwa hayapatikani. Watoto waliokulia Maji ya Chai na Ngurdoto wakawa na meno ya kahawia yaliyokuwa ndani ya kiwango. Kuku wao wameyanywa maji hayohayo, na vitabu vya ng'ambo vinavyotujia na viwango vya damu havikuandikwa kwa kuku waliokunywa maji hayo.

Ya tatu haihitaji maneno mengi, nayo ni ya vyombo. Damu iliyoachwa igande hutoa seramu. Damu iliyozuiwa isigande hutoa plazma, ambayo ina fibrinojeni ndani yake na kwa hiyo protini zaidi, ilhali kuku ni yuleyule. Rangi ya bromokresoli ya kijani, ambayo mashine nyingi huitumia kuhesabu albumini, ilisawazishwa kwa albumini ya binadamu na haiaminiki kwa ndege. Wanaotaka kujua hasa hutenganisha protini kwa umeme, njia ambayo Arne Tiselius wa Uppsala aliiboresha mwaka 1937 na ikamletea Tuzo ya Nobel mwaka 1948, lakini mfugaji hapelekwi huko. Kifaa cha mkononi kinachopima jinsi mwanga unavyopinda hudanganywa na mafuta ya tembe anayetaga. Na kichupa kilichotikiswa kwenye bodaboda kutoka Sing'isi juu ya mawe na makorongo hufika na damu iliyopasuka, nyekundu mpaka juu, ambayo fundi mwadilifu angeitupa.

Hoja ya nne ndiyo waikimbiayo. Wanaotuletea kiwango cha protini cha kuku wa kienyeji aliye mzima na watujibu kwanza: mzima kwa maana gani? Kuku aokotaye chakula uani, shambani na jalalani huokota na mayai ya minyoo, na wataalamu waliowapasua kuku wa namna hiyo katika mkoa wa Morogoro katika miaka ya 1990 waliwakuta karibu wote wana minyoo. Basi mtu akitaka kuweka kiwango cha walio wazima, hana budi achague moja katika mawili: ima awatoe wenye minyoo, abaki na kuku wachache ambao hawafanani na jirani zao, ama awaache wenye minyoo ndani, na hapo atakuwa amepima minyoo na kuipa jina la siha. Bado sijamsikia mtetezi wa kiwango akisema ni lipi katika hayo alilolichagua; aghalabu hajui kwamba palikuwa na kuchagua.

Wala si minyoo peke yake. Sehemu kubwa ya globulini ni kumbukumbu ya vita, kwa maana kila ugonjwa ambao kuku aliupata akapona humwachia kingamwili, na maradhi ya kudumu huzidisha hizo kingamwili ilhali albumini yapungua. Kuku wa kufungiwa aliyechanjwa, aliyepewa dawa ya minyoo kwa ratiba, na ambaye ndugu zake elfu wana nasaba moja, ana vita vichache vya kukumbuka. Katika ua mmoja wa Moshono utakuta Kuchi mwenye miguu mirefu, kishingo, na chotara wawili watatu wa Sasso na Kuroiler wakigombea ganda la ndizi moja, kila mmoja na asili yake na historia yake ya ndui, mafua na kuhara. Jumla ya protini ya hawa yaweza kuwa kubwa, na mwenye rai akashangilia, kumbe nusu ya anachokishangilia ni makovu. Jumla moja yaweza kufanyika kwa albumini nyingi na globulini chache, au kwa albumini iliyoanguka na globulini zilizofura. Karatasi iliyoandika jumla peke yake haikuandika kitu.

Na ijulikane kwamba elimu ya kingamwili yenyewe ilijifunza kwa kuku. Bruce Glick na wenzake wa Ohio walitangaza mwaka 1956 kwamba kuku aliyeondolewa kile kifuko kidogo kilicho juu ya tundu la kinyesi, kiitwacho kifuko cha Fabricius, hushindwa kutengeneza kingamwili. Kifuko hichohicho ndicho ambacho ugonjwa wa Gumboro hukishambulia. Kifaranga aliyepatwa na Gumboro mapema akanusurika, hukua na upungufu wa kinga ambao hautokani na chakula hata kidogo. Anayemzidishia soya kuku huyo anampelekea matofali fundi aliyekufa.

Hoja ya tano ni ya tiba na gharama zake, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa kuwa upotovu wa fikira husameheka mpaka unapoanza kula fedha ya mtu. Asidi amino zilizozidi haja ya kuku hazihifadhiwi kwa siku za dhiki. Huvunjwa, na naitrojeni yake hutolewa kwa njia ya figo kwa sura ya asidi ya yuriki, ambayo ni ule weupe unaoonekana juu ya kinyesi cha kuku. Mfugaji aliyenunua dagaa wa Mwanza kwa kilo, akawalisha kuku ambao hawakuwa na upungufu, na ajue kwamba fedha yake iko pale sakafuni, nyeupe. Ndani ya banda lenye unyevu wa Juni na Julai itageuka amonia, iwachome kuku macho na kuwafungulia mafua njia, na mafua yatarudi dukani kutafuta oksitetrasaiklini, na oksitetrasaiklini itaingia katika yai litakalouzwa kwa bei ya juu kwa sababu ni la kienyeji na halina dawa.

Tena si kila kilichoandikwa protini kwenye gunia ni protini. Kipimo cha viwandani, kilichobuniwa na Johan Kjeldahl katika maabara ya Carlsberg huko Copenhagen mwaka 1883, hupima naitrojeni, kisha huizidisha kwa 6.25, wala hakiulizi naitrojeni hiyo imetoka katika samaki au katika urea. Dagaa nao, walioanikwa mchangani, huja na mchanga, nao hupimwa kwenye mizani pamoja na samaki.

Lakini hasara iliyo mbaya kuliko zote ni ya mashudu. Mashudu ya alizeti, ya pamba na ya karanga, yakihifadhiwa na unyevu, huota ukungu, na mahindi vilevile, na ukungu huo hutoa sumukuvu. Sumu hii si ngeni kwetu: mwaka 1960 iliua batamzinga zaidi ya 100,000 nchini Uingereza kwa njia ya mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil, na mwaka 2016 iliua watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, jirani zetu, kwa njia ya mahindi. Kiungo inachokipiga kwanza ni ini. Na maadamu ini ndilo mtengenezaji wa albumini, basi dalili moja ya mapema ya sumukuvu katika kuku ni protini ya damu kushuka. Angalieni sasa mduara uliotimia. Protini imeshuka kwa sababu ya mashudu mabovu. Karatasi imesema imeshuka. Dokta amesema ongeza mashudu. Mfugaji, ambaye ni mtiifu, ameongeza kutoka gunia lilelile. Protini imeshuka zaidi. Karatasi ya pili imemthibitisha dokta kwamba alisema kweli tangu awali. Sijui rai nyingine iwezayo kujipatia burhani kwa kuua.

Atasimama mwenye rai aseme: basi watuambia tusipime, turudi kwenye kuangalia upanga na kunusa kinyesi? Hapana aliyesema hivyo. Apimaye na apime kuku kadhaa wa banda moja siku moja, awatenge wanaotaga na wasiotaga, aitumie maabara ileile kila mara, aulize albumini ni ngapi na globulini ni ngapi, na awalinganishe kuku wake na kuku wake wenyewe wa mwezi uliopita kabla hajawalinganisha na wa nchi za watu. Hayo yana gharama na yana taabu, na kwa mwenye kuku kumi na watano pengine hayana maana yoyote. Huyo, kuku wake akifa, itamfaa zaidi kuupeleka mzoga ungali mbichi kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) kilichoko papa hapa Arusha upasuliwe, kuliko kununua tarakimu za walio hai. Na kama ana fedha kidogo tu ya kuchagulia, chanjo ya mdondo ya I-2 hutengenezwa nchini, na dozi yake ni tone moja la jicho kila baada ya miezi mitatu. Mdondo hauulizi protini ya mtu. Kuku aliyeambukizwa jana, ukimtoa damu leo, karatasi yake yaweza kuja safi bila herufi yoyote pembeni, na kabla wiki haijatimia banda likawa tupu.